Tafakari ya wiki: Mkanda wa jeshi na woga wa Petro

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno letu wiki hii ni Galatia 2:11-14, ila kabla hujafungua Biblia naomba tuongee kidogo kuhusu ugonjwa mmoja ambao wengi tumeuona kwa watu lakini hatujui unatokea wapi, mkanda wa jeshi.

Ni ule upele wa malengelenge unaoshika upande mmoja tu wa mwili, ubavuni au kifuani au kiunoni, mara nyingine usoni mpaka karibu na jicho, ukifika katikati ya mgongo unaishia hapo hauvuki upande wa pili. Maumivu yanaanza hata siku kadhaa kabla upele haujatoka, yanaunguza, mtu nguo ikimgusa tu anashtuka. Na sisi watu wa Mungu tukimuona tunaanza kuulizana kautoa wapi, katupiwa na nani, kafanya nini. Hajautoa popote. Alikuwa nao. Ni kirusi kilekile cha tetekuwanga alichougua utotoni, labda yupo la pili, akapakwa kalamaini, akakaa nyumbani siku chache akarudi shule na mama yake akasahau kabisa. Mwili ulipona ndiyo, ila kirusi hakikutoka, kilipita kwenye mishipa ya fahamu kikaenda kujificha kwenye mafundo ya mishipa pembeni ya uti wa mgongo, kikalala huko. Hakiumi, hakionekani, na mtu anaweza kukaa nacho miaka 30, miaka 50, wengi wanaingia kaburini nacho bila kuwasumbua hata siku moja.

Aliyeliweka hili wazi ni daktari wa kawaida tu wa mji mdogo wa Cirencester kule Uingereza, Edgar Hope-Simpson. Aliwafuatilia wagonjwa wake miaka na miaka, akaenda mpaka kisiwa cha Yell huko Shetland, mahali penye watu wachache ambapo ni rahisi kujua nani aliugua nini na lini, halafu mwaka 1965 akaandika kwamba mkanda wa jeshi siyo ugonjwa mpya mtu anaoupata njiani, ni tetekuwanga ya zamani imeamka. Mimi huyu daktari namheshimu sana. Hakuwa bingwa wa hospitali kubwa, alikuwa na wagonjwa wake na uvumilivu wa kuwaangalia muda mrefu, na alichokiona kikabadilisha uelewa wa dunia nzima.

Sasa kinachokiamsha ni kinga ya mwili kushuka. Uzee, dawa za saratani, VVU, dawa zinazopunguza kinga, na msongo mkubwa wa mawazo nao unatajwa. Kuna jambo moja limenikalisha chini wiki hii nzima. Wanaanga wa Marekani walipimwa mate yao, watu wazima wenye afya waliochujwa kwelikweli kabla ya kurushwa, na wakiwa huko juu na hata baada ya kurudi kirusi hiki kikaonekana kwenye mate ya baadhi yao. Hawana hata kipele kimoja. Ule mzigo wa safari tu, usingizi kuvurugika, mwili kulemewa, ukatosha kukiamsha kimyakimya bila wao wenyewe kujua.

Ona hapo kwamba stresi haikuweka kirusi ndani yao, kilikuwemo tangu utoto, stresi ilichofanya ni kumchosha mlinzi.

Sasa twende kwa Petro. Tunamjua usiku ule uani kwa kuhani mkuu, baridi, anaota moto, kijakazi anamuuliza swali dogo tu na mtu mzima anaanza kulaani na kuapa kwamba hamjui Yesu. Lakini ule woga haukuanzia pale. Mathayo 14 yuko juu ya maji anatembea, akauona upepo akaogopa, akaanza kuzama. Yaani ulikuwemo siku zote, siku ya upepo ukajitokeza, siku ya kukamatwa Bwana ukajitokeza, na katikati hapo ni Petro yuleyule anayesema nipo tayari kwenda nawe gerezani hata kufa. Na sidhani kama alikuwa anadanganya. Siku anayosema hivyo alikuwa hasikii maumivu popote.

Halafu linakuja hili la Galatia ambalo kwangu ndo zito zaidi, kwasababu hapa siyo Petro wa kabla ya Pentekoste. Huyu ameshajazwa Roho Mtakatifu, ameshahubiri watu kama elfu tatu wakaongezeka siku moja, ameshasimama mbele ya baraza akasema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, ameshaingia nyumbani kwa Kornelio na kuona Mungu hana upendeleo. Yuko Antiokia anakula vizuri tu na ndugu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi. Wakafika watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, na Paulo anasema Petro akaanza kurudi nyuma, akajitenga, "huku akiwaogopa waliotahiriwa", yaani Wayahudi walioona vibaya kula meza moja na watu wa Mataifa. Woga uleule jamani, miaka imepita, upako umekuja, na bado kuna kona ulikuwa umelala.

Kwahiyo mimi huwa napata shida na mahubiri yanayosema ukiokoka leo basi kesho hamna kitu cha zamani ndani yako tena. Ni viumbe vipya kweli, naamini kwa moyo wote, lakini Biblia hiyohiyo inamwambia anayejidhania kuwa amesimama aangalie asianguke. Hasira ya baba yako uliyoapa hutairithi, kile kiu cha pombe, ule uchungu wa mirathi mliogombana ukasema nimesamehe, vinaweza kunyamaza muda mrefu mpaka ukasahau, kisha ukaja mwaka wa msiba, au kazi imeisha, au una mtoto mchanga hulali usiku, na mdomo wako ukatoa kitu ambacho wewe mwenyewe unashangaa kimetoka wapi.

Na kuna jambo lingine kuhusu mkanda wa jeshi watu hawalijui. Mgonjwa hawezi kukuambukiza mkanda wenyewe, lakini yale malengelenge yakiwa mabichi anaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuiugua, mtoto mchanga kwa mfano, na kwa mama mjamzito inaweza kuwa hatari. Yaani cha zamani kwako kinakuwa kipya kwa mwingine. Pale Antiokia ndo kilichotokea, Wayahudi wengine wakamfuata Petro na Paulo anaandika kwa masikitiko hata Barnaba naye akachukuliwa. Barnaba! Mtu aliyempokea Paulo wakati kila mtu anamkimbia. Wazazi na viongozi tulisome hilo taratibu, kwasababu tunachokiachia kiamke bila kukishughulikia hakiishii kwetu.

Nirudi kwa wagonjwa maana hapa kanisa tumekosea sana. Kabla vipimo havijaenea, madaktari huku kwetu Afrika walikuwa wakiona kijana ana mkanda wa jeshi wanahisi VVU, na kweli mara nyingi ilikuwa hivyo, ndiyo maana mpaka leo mtu akitoka upele ule watu wanaanza kunong'ona na kuhama benchi. Lakini unaweza kumpata yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga, wazee hasa. Ikikutokea nenda kapime ujue hali yako bila aibu, na nenda mapema, dawa za kupunguza makali ya kirusi hiki cha mkanda zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 72 tangu upele utokee, na ukiwa usoni karibu na jicho usisubiri hata kesho. Wapo wanaochelewa kwasababu ya kuona aibu au kuzungushwa kwa waganga, upele unakauka lakini maumivu ya mishipa yanabaki miezi, wengine miaka.

Paulo naye hakuchelewa. Alimkabili Petro papo hapo mbele ya wote, hakuenda kumsema pembeni. Na Petro hatusomi popote kwamba alisusa.

Ila kilichonigusa kuliko vyote ni jinsi Bwana alivyomshughulikia. Luka 22 anamwambia kabla hata jogoo hajafikiriwa, "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike". Alijua kilicholala mle ndani. Alijua siku kitakayoamka. Hakumfukuza, alimuombea mapema. Na baada ya kuanguka, kule ufukweni Yohana 21, kabla ya swali lolote kuna moto wa makaa, samaki na mkate, wanaambiwa njoni mfungue kinywa. Ndo njia yake tangu zamani, hata Eliya alipochoka akaomba kufa chini ya mretemu, malaika hakuja na karipio, alikuja na mkate na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale tena. Mwili uliochoka Mungu anaujali. Kuna watu humu mnafunga na kukesha juu ya uchovu wa miezi huku mnauguza mgonjwa nyumbani, nawasihi mlale. Kuleni. Mwambieni mtu mmoja mnayemwamini kwamba mmelemewa.

Petro huyohuyo miaka ya baadaye anawaandikia waumini waliotawanyika wanaoteswa, 1 Petro 3:14, "msiogope kutisha kwao, wala msifadhaike". Aliandika hayo mtu aliyekuwa anaujua woga vizuri sana.

Wiki hii tuombe Zaburi 139:23-24 kila asubuhi, taratibu, ukifika pale "unichunguze" unyamaze kwanza usikimbilie mstari unaofuata. Na kama kuna ndugu amekulipukia mwezi huu na siyo kawaida yake, kabla ya kikao cha kumsema mpigie simu umuulize analala saa ngapi na amekula nini. Anayehitaji kusindikizwa kliniki aniandikie pembeni, tutapanga mtu wa kwenda naye.