Picha ya Saa Kumi na Mbili na Robo

Juzi baada ya Isha binti yangu wa mwisho aliniuliza swali huku akiosha vyombo. Alikuwa amenipa mgongo. "Mama, ile siku kaka alipokwama Mkanda, kama angekuwa na simu si ungejua yuko wapi?"

Mtoto huyu ana hesabu zake. Yuko gredi ya nane, haipiti wiki bila kazi ya shule inayotaka kupigwa picha au kutafutwa kwenye intaneti, na kila mara tunaifanya kwa simu yangu, mimi nimekaa ubavuni mwake. Usiku ule anaousema, mashua ilipokwama kwenye mlango wa bahari wa Mkanda hapa kwetu Lamu, yeye alikuwa na miaka mitatu, amelala fofofo kwa bibi yake. Kisa chote amekipata kwa huyo bibi, na bibi hukisimulia kwa namna ambayo mimi ndimi mkaidi niliyepatikana.

Basi na mimi niseme yangu.

Ilikuwa Agosti 2015, shule zimefungwa. Kijana yuko kidato cha pili, sauti imeanza kuvunjika. Nyumbani kuna simu moja, yangu, kabambe ya tochi, ile ndogo ya vitufe, na hiyo ndiyo posta na ndiyo benki, maana pesa za baba yao kutoka Mombasa zilikuwa zikiingia humo kwa M-Pesa. Haikutoka mkononi mwangu. Sheria ilikuwa moja: hakuna simu ya mtoto mpaka amalize kidato cha nne. Wengi walinishauri nimpe angalau kabambe. Baba yao alikuwa na jibu lake kwa hao, kwamba hajamwona kijana aliyeanza na kabambe akaishia na kabambe.

Na sababu yangu haikuwa kubwa kama watu walivyodhani. Kuna waliosema ni dini, kuna waliosema ni ubahili. Mimi niliona kitu kimoja tu. Mpwa wangu alikuja kukaa kwetu Ramadhani moja, tukawa tunafuturu pamoja, sinia moja. Mkono wake wa kulia uko kwenye wali, wa kushoto uko chini ya paja, unabonyeza. Anacheka peke yake. Mama mkwe akamsogezea nyama upande wake, ile minofu mizuri, na yeye akaila bila kujua imetoka wapi. Nikasema moyoni, hili kwangu haliingii. Ndio hivyo tu.

Watu wa mbali wakisikia Amu, yaani Lamu, huona jambo hili ni jepesi. Mitaa haina magari, punda ndio wabebaji, mji tangu 2001 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, basi mtoto atataka simu ya nini? Kana kwamba UNESCO walizuia bando. Jioni ukipita pwani wakati ule ungewaona vijana wamepangana ukutani, vichwa chini, kila mmoja na mwanga wake usoni. Wangu alikuwa akikaa katikati yao akichungulia kushoto na kulia. Hilo nalo nililiona. Sitasema halikuniuma.

Sasa, siku yenyewe. Ami yao alikuwa na nazi zake kisiwani Pate zinazongoja kuletwa. Mwana wa jirani, wa umri mmoja na wangu, alikuwa anakwenda na mjomba wake ambaye ndiye nahodha, mashua ya injini, na kijana wangu akaomba kwenda kusaidia kupakia. Nikamruhusu. Waliondoka baada ya Alfajiri, warudi na maji ya alasiri.

Wenye kujua njia hiyo wanajua kuwa kila kitu ni Mkanda. Ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku, una maji ya kupita chombo yakijaa, na yakipwa ni matope. Anayetoka Pate na shehena huipanga siku yake kwa huo. Na zilikuwa siku za bamvua, mwezi wa Mfungo Pili ndio unaandama, maji yanajaa mno na kutoka mno.

Magharibi ikaadhiniwa, hawajafika. Nikaswali, nikaenda gatini, nikarudi. Isha ikaadhiniwa. Nikaenda tena, safari hii sikurudi.

Miaka ile usiku wa bahari ulikuwa na mambo yake. Wavuvi walikuwa wamekatazwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, doria zinapita, na chombo kisichokuwa na taa gizani hakikumpa mtu raha. Kwa hiyo hofu yetu haikuwa ya maji peke yake. Mama wa yule kijana mwingine alikuwa pale, shangazi zake, ami yao wa nazi ambaye alikuwa akizunguka tu, na watu wa kawaida wa gatini ambao huja kwa kuwa kuna watu. Simu ya nahodha ilikuwa imezimwa. Hilo halikumshangaza yeyote; yeye huiwasha akitaka kupiga, akimaliza huizima, na mkewe alidhani ameiacha nyumbani. Simu ya kijana wa jirani ndiyo tuliyoitegemea. Tukapiga. "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Tukapiga tena. Yule mwanamke wa kwenye simu hana haraka, ana sauti ya mtu aliyekwisha kula na kushiba.

Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Hakuna aliyenitukana. Waliuliza tu, kwa upole. "Wako hana hata ile ndogo?" "Hata ya kubip?" Mama mkwe, ambaye alikuwa ametolewa kiti na mwenye duka, alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ngomeni kwamba zamani watu walikuwa hawana simu kwa kuwa hazikuwepo, si kwa kuwa mama zao wamezikataza. Nilivuta buibui nikatazama maji. Yalikuwa yanatoka bado, ngazi za gati zimebaki zinang'aa utelezi, na harufu ya matope imepanda.

Kisha binti mmoja wa jirani akasema, "Lakini wametuma picha."

Picha? Ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa mtaa. Imetumwa saa kumi na mbili na robo jioni. Tukamzunguka. Nilimwona mwanangu amekaa juu ya rundo la nazi, shati limefunguka, mdomo wazi anacheka, na vidole viwili hewani kama wafanyavyo. Mwenzake ndiye aliyepiga, kidole gumba chake kimeingia pembeni. Nyuma yao mikoko na jua linakwenda zake. Nikamwambia yule binti aikuze, nikautazama uso wa mwanangu, nikaona ana furaha, nikazidi kulia. Kila mwanamke pale aliishika ile simu, akaivuta picha kwa vidole, akamtazama mtoto wake au wa mwenzake, akaipitisha. Tulikuwa tunatafuta nini? Saa kumi na mbili na robo walikuwa wanacheka. Hilo ndilo tulilolijua, na sasa ilikuwa inakaribia saa nne.

Barazani alikuwepo mzee mmoja, nahodha mstaafu, kikombe chake cha kahawa chungu mkononi. Muda wote hakusema kitu. Akanyoosha mkono, "Ndoo nayo hiyo," yaani njoo nayo. Binti akampelekea. Akaishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaigusa, picha ikatoweka, ikaja picha ya keki ya arusi ya mtu. "Imekwenda wapi?" Binti akamrudishia. Akaigusa tena, ikaondoka tena. Mwisho binti akaishika yeye simu, na mzee akawa anaelekeza kwa kidole bila kuigusa.

Hakuwatazama watoto hata kidogo. "Nionyeshe hapa. Hapa. Kwenye mikoko." Binti akakuza. Mimi nikachungulia bega la mzee. Mizizi ya mikoko, ile inayosimama kama miguu ya kaa, ilikuwa na rangi mbili: juu kavu, ya kijivu, kisha mstari, na chini ya mstari nyeusi, imelowa, inameremeta kwa lile jua. Mzee akatandaza kiganja hewani mbele ya kioo, akapima. "Mai yametoka shibiri tatu hapa." Kisha, "Nionyeshe tezi." Kwenye tezi, nyuma ya chombo, injini ilikuwa imeinuliwa, panka liko juu ya maji. Sikuwa nimeliona hilo. Hakuna aliyekuwa ameliona. Na pembeni kabisa, pale picha inapokatika, kulikuwa na mkono wa mtu mzima umeshika upondo.

"Walichelewa kutoka," alisema. "Injini iliwasumbua au nazi ziliwasumbua, mimi sijui. Hapa anasukuma kwa upondo kwa kuwa panka laguza chini. Yeo bamvua. Hawa wameketi Mkanda juu ya tope, hawana baya. Mai yatarudi usiku wa manane. Watakuya alfajiri." Akairudia kahawa yake. "Kalaleni."

Sisi tulikuwa na ile picha zaidi ya saa tatu mikononi.

Sikulala, bila shaka, lakini nilikwenda nyumbani, na hilo peke yake lilikuwa jambo. Nilishika kofia niliyokuwa nikiitoboa ya mteja wa Mombasa, nikakaa na uzi na sindano chini ya taa, matundu yakaenda mrama, nikafumua, nikaanza upya. Nilikuwa namwazia yule mzee, na jinsi alivyoitaka picha bila kujali waliomo.

Alfajiri wakaja, kama alivyosema. Sitakawia hapo. Kijana aliingia na matope mpaka magotini, uso umevimba kwa mbu, nazi mbili kwapani, akala mahamri yote yaliyokuwepo. Nilimkumbatia, nikamfokea, nikamkumbatia. Nikamwuliza simu ya mwenzake ilikuwaje. Akasema iliisha chaji mara tu baada ya ile picha, maana walikuwa wamepiga muziki tangu Pate, na mwenzake usiku kucha alikuwa akiiwasha, inawaka, inazimika, anaiwasha, mpaka nahodha akamwambia akiiwasha tena ataitia baharini. Walijifunika turubai wakalala juu ya nazi. "Nazi mbaya sana kulalia, mama." Ndiyo habari yote niliyopata. Nilitarajia zaidi, nadhani.

Mama mkwe hakungoja. Ijumaa ile ile alimnunulia kabambe ya tochi dukani Langoni, akamkabidhi mbele yangu, na mimi nikanyamaza. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikimpigia kila akipotea machoni. Uko wapi? Niko Mkunguni. Uko wapi sasa? Bado niko Mkunguni. Baba yao akaniambia kwa simu kutoka Mombasa kwamba inaelekea kabambe ile ni ya kwangu. Nikakasirika kwa kuwa ilikuwa kweli: ile ilikuwa dawa yangu ya usingizi, mtoto alikuwa anaibeba tu. Simu ya kupangusa aliipata baada ya kidato cha nne kama tulivyopatana. Sasa ana miaka ishirini na tano, anafanya kazi mjini, na ujumbe wangu anausoma saa tatu asubuhi na kuujibu usiku. Nikimlalamikia hucheka.

Wa katikati alinipa mtihani mwingine, Machi 2020 shule zilipofungwa kwa korona na walimu wakaanza kutuma kazi kwa WhatsApp. Hapo ndipo mimi mwenyewe nilinunua simu kubwa, nikasema ni ya masomo. Masomo yalikuwa saa moja kwa siku. Saa nyingine nilikuwa naishika mimi.

Kwa hiyo huyu wa mwisho akiniuliza kama ningejua kaka yake yuko wapi, nina majibu mawili, na yeye anataka moja. Ningempigia, naam, na kwa saa moja au mbili angenijibu. Lakini simu ilikuwepo chomboni, ikatuletea habari yote, na tuliizungukia tukilia mpaka alipotokea mtu mmoja anayejua kutazama mizizi. Yule mzee ameshatangulia mbele ya haki. Watoto wangu wote watatu hawajui kupima maji kwa mikoko, na mimi sijui pia, kwa hiyo siwezi kusema kuwa nimewanyima simu ili wapate kile. Nimewanyima simu, basi.

Mwaka juzi nilipanda boti ya Mokowe, ile ya kuvuka kwenda bara, na nahodha alikuwa ni yule yule mjomba, siku hizi anavusha abiria. Tukacheka kwa mambo ya zamani. Nikamtania kwamba usiku ule angekuwa na simu angeniokolea mvi nyingi.

Akanishangaa. "Nilikuwa nayo."

"Ulikuwa nayo?"

"Imefungwa nailoni, ndani ya kopo, chini ya ubao. Chaji tele."

Nikamwuliza kwa nini basi hakupiga, hata mara moja, hata kubip. Alikuwa ameinama anavuta kamba, akageuza kichwa akanitazama kama anayetafuta namna ya kusema bila kunivunjia heshima.

"Ningekwambia nini, mwanangu? Kuwa mai yametoka?"

Nilimjibu, na kwa kirefu, lakini alikuwa ameshawasha injini.