Kusoma takwimu za vijana bila kuingizwa mkenge

Ukisoma mahali kwamba asilimia fulani ya vijana hawana kazi, usikimbilie asilimia. Uliza kwanza kijana ni nani. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inamhesabu mtu wa miaka 15 hadi 35, kama ulivyo Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006. Katiba ya Kenya ya 2010 inaanzia miaka 18 na inakuondoa siku unapotimiza 35. Umoja wa Mataifa, kwa takwimu zake, huishia 24. Kwa hiyo mtu akilinganisha "vijana" wa taarifa tatu, huenda amelinganisha mwanafunzi wa kidato cha pili na baba wa watoto watatu.

Kuna mtego mdogo hapo unaowanasa hata wazoefu. Majedwali mengi hupanga umri kwa makundi ya miaka mitano: 15–19, 20–24 na kuendelea. Ukijumlisha hadi 30–34 umepata miaka 20 ya umri, ilhali 15–35 ni miaka 21. Wengi huchukua kundi la 35–39, wakaligawa kwa tano, wakaongeza sehemu moja. Hesabu hiyo inapunguza watu. Asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa humtajia karani umri unaoishia na 0 au 5, hivyo wenye 35 hulundikana na kuzidi moja ya tano ya kundi lao. Tafuta jedwali la umri wa mwaka mmoja mmoja. Lisipokuwepo, andika 15–34 na useme hivyo waziwazi.

Sasa kazi. Kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi ya kipato kwa saa moja tu ndani ya wiki inayoulizwa ana ajira. Ndiyo, saa moja. Kuitwa asiye na ajira kunahitaji mambo matatu kwa pamoja: huna kazi, umetafuta katika wiki nne zilizopita, na uko tayari kuanza. Aliyechoka kuzungusha bahasha za maombi maofisini haingii humo. Anahesabiwa yuko nje ya nguvukazi.

Chukua mtaa wa kubuni wenye vijana 100. Wanaosoma tu ni 30, wenye kazi 50, wanaotafuta 5, na 15 wangependa kazi ila wameacha kutafuta. Nguvukazi ni 50 na 5, yaani 55, na ukosefu wa ajira ni 5 kwa 55: asilimia 9.1. Kosa linalorudiwa magazetini ni kugawa kwa 100 na kupata 5. Ukiwaingiza wale 15 juu na chini ya mstari, unapata 20 kwa 70, asilimia 28.6. Walio nje ya shule, kazi na mafunzo ni 20 kwa 100. Mtaa haujabadilika hata kidogo. Tafsiri ya kitaifa ya Tanzania kuhusu asiye na ajira ni pana kuliko ile ya kimataifa, hivyo tarakimu ya Dodoma na ya Geneva, makao ya Shirika la Kazi Duniani, zikitofautiana, usidhani lazima mmoja kapika.

Angalia pia kama utafiti ulivuka mwaka 2013. Mwaka huo wanatakwimu wa kazi duniani waliamua kwamba anayelima kwa ajili ya chakula cha nyumbani tu asihesabiwe kuwa na ajira. Nchi ya wakulima inapoanza kutumia kanuni hiyo, ajira inaporomoka kwenye karatasi bila mtu hata mmoja kuweka jembe chini. Ukiona mporomoko wa ghafla, soma ukurasa wa tafsiri za maneno kabla ya kumlaumu waziri.

Mimi binafsi ukosefu wa ajira si kipimo ninachokiamini sana kwa nchi zetu. Maskini hawezi kukaa bure; atauza maji barabarani. Kinachosema zaidi ni saa za kazi, kipato, na kama mtu anataka saa zaidi akazikosa.

Kuhusu uzazi, watu hufurahi mapema. Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja, wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka kutoka 5.2 katika utafiti wa 2015-16 hadi 4.8 mwaka 2022. Kenya ulitoka 3.9 mwaka 2014 hadi 3.4 mwaka 2022. Lakini mtoto aliyezaliwa 2022 atafikisha miaka 15 mwaka 2037. Watakaoingia kwenye soko la kazi kabla ya hapo wameshazaliwa, tena na akina mama wengi kuliko wa kizazi kilichotangulia. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilikuta watu 44,928,923, ya 2022 ikakuta 61,741,120: ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Anayepanga nafasi za VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi, za 2035 hana haja ya kubashiri uzazi hata kidogo. Achukue jedwali la watoto wa sensa ya 2022, awasogeze mbele miaka 13, kisha apunguze vifo na kurekebisha uhamaji.