Mwanachuo anaangalia ponografia kwa sababu gani hasa?

Mada hii ikiibuka kwenye grupu la wanachuo swali la kwanza huwa ni lilelile, unaangalia mara ngapi kwa wiki, ukisema moja unaambiwa uko poa, ukisema kila siku unaambiwa wewe teja tayari. Mimi naona swali hilo linatupoteza kabisa, maana watu wawili wanaweza kuangalia sawasawa, mmoja maisha yake yanaenda fresh na mwenzake anazama.

Kwamba wengi wanaangalia hilo lishajulikana. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2008 uliwauliza wanachuo 813 wa miaka 18 mpaka 26, wavulana asilimia 87 walisema wanaangalia, wasichana asilimia 31, na hapo smatifoni bado hazijawa mikononi mwa kila mtu. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulionyesha wengi wao walishakutana nayo mtandaoni kabla hata ya kufikisha miaka 18, kwahiyo chuo hakimfundishi mtu, kinampa tu uhuru, chumba, na usiku mrefu usio na mzazi.

Sasa sababu. Mwanasaikolojia Beáta Bőthe na wenzake mwaka 2021 walizipanga kwenye makundi nane, na inayoongoza ni raha tu ya mwili, nyege, hakuna cha ajabu hapo. Kuna udadisi, kuna kutaka kujijua, kuna kutoridhika na mapenzi uliyonayo, kuna kuboreka. Ila zinazonipa wasiwasi mimi ni kupunguza stresi na kukimbia hisia zako mwenyewe. Chukua mtu ana asaimenti ya kesho, kafungua laptopu, kichwa kimejaa hofu, anasema ngoja niangalie dakika tano nitulie, inapita saa nzima, asaimenti iko palepale na sasa amebeba hofu na aibu juu yake, na dawa pekee anayoijua ya kumtoa kwenye hali hiyo ni ileile iliyomwingiza. Wa mwaka wa kwanza aliyekosa marafiki naye hivyohivyo, kila usiku simu ndio kampani yake, asubuhi vipindi vinampita amelala.

Halafu aibu yenyewe, hapa naomba tuwe makini sana. Joshua Grubbs na watafiti wenzake wameonyesha kwamba mtu anayeamini kuangalia ni kosa na bado anaangalia, mara nyingi anajiita mraibu hata kama anaangalia kidogo tu. Sisemi imani yako haina maana, imani yako ni yako, lakini kuumia kwa sababu umeenda kinyume na unachoamini na kushindwa kabisa kujizuia ni mizigo miwili tofauti. Hata WHO kwenye mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika 2022 imeweka tatizo la kushindwa kudhibiti tabia za ngono, inataka hali iwe imeendelea kama miezi sita au zaidi na iwe inaharibu maisha au kumtesa mtu, na inasema wazi kwamba mateso yanayotokana na hukumu ya kimaadili peke yake hayatoshi kumpa mtu ugonjwa huo.

Na wasichana jamani. Karibu kila mjadala unaongea na wavulana, kwahiyo msichana ambaye imemshinda anaamini yuko peke yake duniani, hasemi kwa rafiki, hasemi popote. Inaniuma sana hii.

Ndio maana rafiki akinifuata na hili simuulizi idadi, namuuliza mara ya mwisho kabla hujafungua ulikuwa unajisikiaje, ulikuwa unakwepa nini. Akisema hofu ya mitihani, basi programu ya kufungia hizo saiti inaweza kumsaidia kidogo lakini hofu itabaki na atatafuta pengine pa kuikimbilia, hiyo hofu ndio ya kushughulikiwa kwanza. Akisema ni nyege tu, hakosi vipindi, analala vizuri, hana anachoficha kwa uchungu, sina sababu ya kumtisha. Na kama chuo chako kina mtu wa ushauri nasaha nenda, ila ukifika sema wazi ni ponografia, usizunguke kwa kusema hupati usingizi, maana atahangaika na usingizi wako na wewe utarudi chumbani na lilelile ulilokwenda nalo.