Kabla hujalipia vaisi, ifungue nusu na uitikise

Watu wengi huchagua vaisi, yaani jiliwa la kufunga kwenye meza ya kazi, kwa upana wa taya. Upana peke yake hauambii kitu. Vaisi mbili za inchi 4 zinaweza kukaa pamoja dukani, moja ina kilo nne na nyingine inakaribia kumi. Ile nyepesi imepunguziwa chuma palepale panapobeba nguvu: kwenye shingo ya taya isiyosogea na kwenye tumbo linaloshika ule mhimili unaoteleza.

Kwa kazi za nyumbani, yaani kukata engo (chuma cha pembe), kupiga tupa, kushikia bomba la nusu inchi au kunyoosha bawaba, inchi 4 au 5 (milimita 100 au 125) inatosha. Ya inchi 6 inataka meza ya kuibeba. Ukiifunga kwenye meza nyepesi, kila ukivuta msumeno meza nayo inakufuata.

Dukani, ifungue mpaka nusu. Shika taya inayosogea kwa mikono miwili, inyanyue, ibonyeze, iyumbishe kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida, bila nafasi haiwezi kuteleza. Ikigonga kwa sauti, achana nayo. Kisha kata vipande viwili vya karatasi, hata risiti inafaa, uvibane kwenye kona mbili za juu za taya na kukaza kidogo tu. Vyote viwili vigome kutoka. Kimoja kikichomoka, taya hazikukaa sambamba.

Ukiona taya zinagusana juu kwanza na chini unabaki mwanga mwembamba, usiogope. Ukikaza kitu kwa nguvu taya hutaka kuachana upande wa juu, kwa hiyo vaisi nzuri huachiwa upenyo huo makusudi. Ya kukataa ni ile inayogusana chini kwanza: itabana mzigo kwa chini na kuutema katikati ya kazi.

Vaisi nyingi ni za chuma cha kusubu cha kawaida, ambacho hakipindi. Kikizidiwa kinakatika ghafla. Ipo aina ya kusubu inayovumilia zaidi, na watengenezaji hawaachi kuitangaza: tafuta maandishi ya 60,000 PSI (kipimo cha nguvu ya chuma) badala ya 30,000. Ya chuma cha kufua ni bora kuliko zote mbili, ila bei yake kwa karakana ya nyumbani ni kubwa mno.

Mtumba usiudharau. Vaisi ya zamani ya chapa ya Record, zile za Sheffield, Uingereza, mara nyingi inaishinda vaisi mpya ya bei hiyohiyo. Kagua mambo mawili tu. Kwanza, pindua uangalie chini na kwenye shingo kama kuna alama ya kuchomelewa chini ya rangi nzito; kusubu iliyochomelewa kienyeji hupasuka tena pembeni ya weldi. Pili, zungusha mkono wa vaisi (ile nondo ya kukazia) mbele na nyuma utazame unakwenda kiasi gani kabla taya haijaanza kusogea. Robo mzunguko inavumilika. Ikifika nusu, hesi (mikato ya skrubu) za nati ya ndani zimelika. Meno ya taya yakiwa yameisha si hoja, yale mabapa hufungwa kwa skrubu na hubadilishwa.

Kitako cha kuzunguka kinauza sana, lakini mimi sikipendi kwenye vaisi ya bei nafuu: ni kiungo kingine cha kulegea. Kitako kigumu chenye matundu manne hakina maneno.

Ifunge juu ya mguu wa meza, si katikati ya ubao. Taya isiyosogea itokeze kidogo nje ya ukingo ili bomba refu lisimame wima bila kugonga meza. Tumia bolti zinazopenya mbao yote, milimita 12 kama matundu yanaruhusu, na chini uweke washa pana au kipande cha bamba. Skrubu za mbao zitang'oka. Kimo: simama kando, weka ngumi chini ya kidevu, kiwiko kiguse juu ya taya.

Kosa linaloua vaisi polepole ni kubana kitu upande mmoja. Taya inakwenda mshazari, mhimili unajinyonga ndani ya tumbo, na baada ya muda hazikai sambamba tena. Mzigo uweke katikati. Ikibidi ukae kando, upande wa pili weka kipande chenye unene uleule. Bati jembamba libane kati ya mbao mbili, na mstari wa kukata uwe karibu na taya, sentimita moja hivi, la sivyo litapiga kelele na kuvunja meno ya msumeno. Kwa shaba, alumini au kitu kilichopigwa rangi, valisha taya vipande viwili vya engo ya alumini. Bolti usiibane kwenye hesi zake: fungia nati mbili zikazane, ubane nati.

Kazia kwa mkono wake tu. Kuvalisha bomba ili upate nguvu zaidi ndiko kunakopasua tumbo. Ukipiga nyundo, pigo lielekee taya isiyosogea, kamwe usigonge juu ya mhimili. Na ukichomelea kitu kilichobanwa, ethi (kibanio cha waya wa kurudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea) ishike kitu chenyewe. Ukiibana kwenye vaisi, umeme unaweza kupita kwenye hesi na kuzichoma.

Unga wa chuma ufagie kwa brashi kabla ya kupaka grisi, kwa sababu vikichanganyika vinasaga hesi kama msasa. Grisi iende kwenye skrubu ndefu inayozungushwa na mkono, mhimili upate matone ya oili. Pwani, Mombasa au Tanga, taya zifute kwa kitambaa chenye oili kila ukimaliza kazi, kisha uziache wazi kidogo, mkono ukiwa wima.