Damu ya ng'ombe si hedhi: mtamba wangu alivyoshika mimba kwa jaribio la tatu

"Ukiona damu mkiani, mdogo wangu, hesabu siku kumi na nne umwite mtu wa mbegu. Ng'ombe ni kama mwanamke tu." Ushauri huo wa jirani nimeufuata mara mbili, nikamlipa mtaalamu wa kupandisha kwa mbegu bila dume mara mbili, mtamba wangu (jike ambaye hajazaa) hakushika mimba. Bado unazunguka huku Marangu, na unanikera kwa sababu unatia watu hasara.

Ng'ombe hana hedhi! Mwanamke hutoka damu kwa kuwa mimba haikutunga na utando wa mji wa mimba unabomoka. Yai lake hutoka wiki mbili hivi kabla ya hedhi inayofuata. Utando wa ng'ombe haumwagiki hivyo. Ile damu kidogo huja siku moja hadi tatu baada ya joto, yaani ule muda anaotaka dume, vimishipa vikipasuka ndani. Ukiiona, ujue yai limeshatoka zamani. Mzunguko wake ni siku 21 hivi, na joto lenyewe halimalizi hata siku nzima. Mimi nilikuwa nampandisha siku kadhaa kabla ya joto, yai halipo.

Basi safari ya tatu damu niliigeuza kalenda. Nilihesabu siku 16, nikaanza kulinda. Dalili kubwa ya joto ni kutulia akipandwa na mwenzake, shida ni kwamba alikuwa peke yake bandani, wa kumpanda hayupo. Nikaazima ng'ombe jike wa shemeji, nikawaachia uani, na mtamba nikampaka chaki ya bluu juu ya shina la mkia, ikifutika nijue amepandwa. Nililala jikoni na tochi. Usiku wa tatu, kwenye saa kumi alfajiri, nikasikia analia. Kummulika, mwenzake yuko juu yake na yeye katulia kama nguzo. Chaki imefutika yote, ute unaning'inia mrefu, mweupe wa kupenyeza mwanga kama ute wa yai.

Sikumwita mtaalamu saa ile, ingawa moyo ulinienda mbio. Joto la alfajiri unapandisha jioni, la jioni unapandisha asubuhi, kwa sababu yai la ng'ombe hutoka kama masaa 10 hadi 12 baada ya joto kuisha. Alikuja saa kumi na moja jioni na mbegu ya kituo cha taifa cha uhimilishaji, Usa River. Elfu ishirini na kitu, pamoja na bodaboda yake.

Siku ya 21 nililinda tena: kimya, joto halikurudi. Miezi mitatu baadaye daktari wa mifugo akaingiza mkono kupima mimba, akatabasamu. Ndama ni jike, ana baka jeupe usoni, na sasa hivi ananyonya.