Wanangu, Mna Kitoweo?

Somo la juma: Yohana 21:1–15, pamoja na Hesabu 11:4–8 na Mathayo 6:31–32

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Katika nyumba nyingi za huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, jioni inapokaribia hakuna anayeuliza tupike nini, kwa sababu ugali unajulikana tangu asubuhi na hauhitaji mjadala. Linaloulizwa ni "Leo mboga nini?", na kila aliyekulia katika nyumba za namna hii anafahamu kwamba mboga hapo si majani peke yake, bali ni chochote kitakachouteremsha ule ugali, yaani dagaa, maharage, matembele, nyama nusu kilo iliyoongezewa mchuzi ili itoshe watu saba, au mlenda siku ambazo mfuko umetoboka. Siku ya Jumanne niliulizwa swali hilo na mwanangu wa mwisho kabla sijatua mkoba wala kuvua viatu, nami nikamjibu kwa ukali asioustahili, akarudi uani kimya. Nimeibeba aibu ya jibu lile juma zima, na tafakari hii imetokana nayo.

Nilipoketi kujichunguza niliona kwamba kilichoniudhi si kupika. Kupika nimekuzoea, mikono inajua kazi yake hata akili ikiwa mbali. Kinachochosha ni kuamua, tena kuamua kila siku, kwa maana uamuzi wa jana hauisaidii jioni ya leo hata kidogo. Ndani ya swali lile fupi la mtoto kuna fedha iliyobaki ambayo haina budi kufika Ijumaa. Kuna maharage ambayo yasipolowekwa mapema yatakula mkaa wa siku mbili. Kuna baba mkwe ambaye daktari amempunguzia chumvi. Kuna kijana wa kidato cha pili ambaye akiona mlenda husema ameshiba. Kuna kisamvu kinachotaka kutwangwa na kutiwa karanga wakati saa imekwisha kuwa kumi na mbili. Na kuna mume ambaye akiulizwa anataka kula nini hujibu "chochote", jibu ambalo yeye huliona ni la upole, nami huliona ni mzigo uliorudishwa kichwani pangu ukiwa umefungwa vizuri zaidi. Mwenye kuuliza huuliza neno moja, lakini mwenye kujibu hujibu mambo kumi.

Kwa miaka mingi andiko lililonijia katika hali hiyo lilikuwa Mathayo 6:31, "Msisumbuke, basi, mkisema, Tule nini?", na nakiri kwamba halikunifariji. Nililisikia kama karipio kutoka kwa mtu asiyewahi kusimama mbele ya jiko lililopoa, na nilijiona mwenye imani haba kwa sababu tu nimeulizwa swali nami nikalifikiri. Hali yangu haikusaidiwa na mahubiri juu ya Martha, ambayo karibu kila mwaka hutukumbusha sisi wanawake kwamba yeye alisumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi, kisha ibada inapokwisha wahubiri huongozwa kwenye chumba cha chakula, wakakuta wali na kuku vimeandaliwa na watu ambao mahubiri yale waliyasikilizia dirishani. Nasema haya kwa mapenzi. Kuku yule mara nyingine nimempika mimi mwenyewe.

Lakini juma hili, nikisoma sura ya mwisho ya Injili ya Yohana, nimesimama mahali ambapo nimepita mara nyingi bila kusimama. Wanafunzi saba wamekesha katika Bahari ya Tiberia wasipate kitu. Kulipokucha, mtu amesimama ufuoni, nao hawajamtambua, na kutoka umbali ule ambao Yohana anaukadiria kuwa kama dhiraa 200, yule mtu anapaza sauti kuuliza, "Wanangu, mna kitoweo?"

Ziko tafsiri za lugha nyingine ambazo hapo zimeandika "samaki" au "chakula", na msomaji wake hawezi kuona tunachokiona sisi. Neno la Kigiriki lililotumika, *prosphagion*, ambalo katika Agano Jipya lote linapatikana katika mstari huu peke yake, lina maana ya kitu kinacholiwa pamoja na mkate, na wafasiri wa Biblia yetu ya Kiswahili walilipatia neno ambalo limelienea kama kifuniko na chungu chake. Kitoweo ndicho hicho hicho. Bwana aliyefufuka, aliyekwisha kuishinda mauti, anapowatokea watu wake asubuhi ile, swali lake la kwanza kwao ni lile ambalo mwanangu aliniuliza siku ya Jumanne: leo mboga nini?

Nimelitafakari jambo hili nikaona kwamba Yeye aliyetukataza kusumbuka tukisema "Tule nini?" hakulifuta swali lenyewe. Katika Mathayo anaendelea kusema kwamba Baba yetu wa mbinguni anajua ya kuwa tunahitaji hayo yote. Katika Yohana, baada ya msalaba na kaburi, analiuliza Yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Kabla ya hapo nilidhani kwamba imani kamili ingeninyamazisha nisiulize. Sasa naona kwamba alichokiondoa ni upweke wa kuuliza, kwa sababu nikifika jikoni saa kumi na mbili jioni namkuta Yeye amekwisha kulitamka swali langu kabla yangu, na analitamka kama mzazi, akiwaita watu wazima wenye ndevu na nyavu "wanangu".

Tazameni pia jibu lao, maana ni fupi kuliko majibu yote ya wavuvi: "La." Sisi tunaokaa karibu na mialo tunajua jinsi mvuvi aliyerudi mtupu anavyoweza kueleza. Atazungumzia upepo, atazungumzia nyavu, atazungumzia mbalamwezi, na kwa habari ya mbalamwezi atakuwa na haki, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu taa hazina nguvu ya kuwavuta, hata dagaa huadimika mwaloni na bei yake sokoni hupanda. Wale saba hawakueleza kitu. Walisema hawana, na mambo yote yaliyofuata yaliingilia kwenye mlango wa neno hilo moja. Mimi siku ya Jumanne nilishindwa kusema "La". Ilikuwa rahisi zaidi kumkaripia mtoto kuliko kukiri mbele yake kwamba sina kitu jikoni na wala sijui nitafanya nini.

Halafu wanafika nchi kavu wakiburura nyavu zenye samaki wakubwa 153, na wanakuta moto wa makaa umekwisha kuwashwa, na juu yake pametiwa samaki, na mkate upo. Aliyewauliza kama wana kitoweo alikuwa tayari anacho! Hata hivyo anawaambia walete baadhi ya samaki waliowavua sasa hivi, na vya kwao vinawekwa pamoja na vyake. Siwezi kueleza kwa nini aliomba asichokihitaji, ila najua kwamba mama yangu alikuwa akifanya hivyo hivyo: sufuria likiwa linachemka tayari, angemtuma mtoto mdogo kuchuma majani mawili matatu ya mchicha nyuma ya nyumba, akayatia pamoja na mengine, na wakati wa kula angetangaza mbele ya wote kwamba mboga ya leo imeletwa na fulani.

Moto ule wa makaa una habari yake pia. Katika Injili hii umetajwa mara mbili tu; mara ya kwanza ni katika ua wa Kuhani Mkuu, sura ya 18, ambapo Petro alikuwa akiota moto pamoja na watumishi huku akimkana Bwana wake. Kwa hiyo Petro anapopanda kutoka majini akiwa ameloa, anakutana na harufu ile ile ya makaa ambayo bila shaka ilikuwa ikimwandama. Kulikuwa na mazungumzo mazito yaliyohitajika baina yao wawili. Lakini Bwana anasema, "Njoni mfungue kinywa," na Yohana anatunza mpangilio kwa uangalifu: ni "walipokwisha kula" ndipo Simoni anaulizwa kama anampenda. Ni mangapi tumeyaharibu majumbani mwetu kwa kuyaleta mezani kabla ya tonge la kwanza? Ripoti ya shule yenye alama mbaya, deni la dukani, neno ambalo wifi alilisema msibani, yote tunayatandaza juu ya mkeka pamoja na sahani, halafu tunashangaa kwamba chakula hakina ladha. Mithali 15:17 inataja chakula cha mboga penye mapendano kuwa bora kuliko ng'ombe aliyenona pamoja na kuchukiana, na mimi niliyekula vyote viwili naweza kushuhudia.

Kuna wale ambao tatizo lao la jioni si kukosa, bali ni kurudia. "Mama, maharage tena?" Malalamiko hayo ni ya kale kuliko tunavyodhani, kwa maana katika Hesabu 11 wana wa Israeli wanawakumbuka samaki wa Misri, na matango, na matikiti, na vitunguu, na vitunguu saumu, wakisema kwamba sasa hawaoni kitu ila mana tu. Mahubiri mengi huishia kwenye dhambi ya kunung'unika, nami siikanushi. Ila mstari wa nane unanigusa zaidi, kwa kuwa unaeleza jinsi watu walivyozunguka kuikusanya mana, wakaisaga kwa mawe au kuitwanga katika vinu, wakaitokosa katika vyungu, wakaandaa mikate. Kitu ni kimoja, kipimo ni pishi moja kwa kila kichwa, tena kwa miaka 40. Na humo jangwani kulikuwa na mtu aliyeamka asubuhi akafikiri, jana tuliitokosa, leo acha niitwange. Mwandishi hakumtaja kwa jina. Naamini mtu huyo alikuwa akiabudu, ingawa pengine mwenyewe alidhani anapika tu. Na hata jina la chakula kile lilitokana na swali, kwa kuwa walipokiona mara ya kwanza waliambiana, "Nini hiki?", swali ambalo watoto wetu bado huliuliza wakifunua sufuria.

Tunaposali Sala ya Bwana wengine wetu husema "utupe leo riziki yetu", na ndugu zetu Wakatoliki husema "utupe leo mkate wetu wa kila siku". Katika matamshi yote mawili neno "leo" limebaki mahali pake. Sijawahi kusikia ombi la mboga ya mwezi mzima, ingawa kusema kweli mwisho wa mwezi nimetamani liwepo.

Siku ya Jumatano mtoto alikuja tena, safari hii akiwa amesimama mbali kidogo, akauliza kwa sauti ya mtu anayepima kina cha maji. Nikamwambia, "Hakuna, mwanangu. Twende tukaone genge lina nini." Tulikuta matembele mafungu mawili yaliyoanza kunyauka, nyanya, na dagaa waliopimwa kwa kikopo. Yeye alichagua dagaa, kisha akaniomba tuongeze ndimu. Aliwatoa vichwa akiwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi, akiwahesabu, mpaka alipofika arobaini na kitu akapoteza hesabu na kuanza upya. Tulipoketi kula, baba yake alimwambia aombe, naye akamshukuru Mungu kwa ugali, kwa babu, kwa ndimu, na kwa dagaa, ambao alisema ni wengi kuliko wa Petro.