Dola 18 kwa saa

Usiku huu nimekuwa nikiwaza hesabu inayopigwa kila kijiwe: aliyeko Marekani analipwa dola 18 kwa saa, zidisha kwa shilingi 2,500 za Tanzania, unapata 45,000. Kwa saa moja tu. Kwa mwezi inafika milioni saba na laki nane, na hapo ndipo mtu anapouza kiwanja apate nauli. Kuzidisha huko hakuna kosa. Kinachokosekana ni upande wa pili: mshahara umegeuzwa shilingi, matumizi hayajaguswa.

Tuumalizie upande huo kwa mfano wa Dallas, Texas, ambako jimbo halitozi kodi ya mapato, kwa hiyo ni mfano wenye nafuu. Saa 40 kwa wiki ni takriban dola 3,120 kwa mwezi. Makato ya lazima ya pensheni (Social Security) na ya matibabu ya uzeeni (Medicare) yanachukua asilimia 7.65, yaani karibu 239. Kodi ya serikali kuu kwa mtu asiye na mke wala watoto, kama 200. Bima ya afya ya kazini, tuseme 150. Zinabaki 2,530. Chumba na sebule tukiweka 1,200, umeme, maji na intaneti 200, simu 50, chakula 350. Gari huko si anasa, maana anayetoka zamu saa tano usiku hawezi kutegemea basi: mkopo wa gari 350, bima yake 200, mafuta 120. Jumlisha yote, utabakiwa na kama dola 60. Hizo ni shilingi 150,000, na bado hujanunua koti wala hujamtumia mama chochote.

Tena hicho chumba chenyewe huenda usikipate. Wenye majengo wengi wanataka kipato cha mwezi kiwe mara tatu ya kodi ya nyumba; kwa pango la 1,200 wanataka kuona 3,600, na wewe una 3,120. Wanaangalia pia historia ya mkopo, yaani rekodi ya ulivyokopa na kulipa, ambayo mgeni hana kabisa. Huku nyumbani mtu asiyedaiwa huonekana mwaminifu. Kule, asiyewahi kukopa hajulikani, na asiyejulikana anaombwa amana kubwa zaidi, au mdhamini, au anauziwa gari kwa riba inayoweza kupita asilimia 15. Ndiyo maana wengi huanza kwa kuchangia nyumba watu watatu au wanne, na huo ndio uamuzi wa busara. Wakati huohuo fungua kadi ya mkopo ya dhamana: unaweka benki dola 200 au 300, na kiasi hicho ndicho kikomo chako. Tumia kidogo, chini ya theluthi moja, ulipe chote kabla ya tarehe ya mwisho. Baada ya kama miezi sita alama zako za kukopesheka zitaanza kuonekana. Ukichelewa kulipa kwa siku 30, kosa hilo linaweza kukaa kwenye rekodi yako miaka saba.

Sasa unaelewa kwa nini watu hubeba boksi mara mbili, yaani kufanya kazi mbili. Lakini hata hapo kuna hesabu. Kwa kazi nyingi za kulipwa kwa saa, mwajiri akikupa zaidi ya saa 40 kwa wiki lazima azilipe saa za ziada mara moja na nusu: 18 inakuwa 27. Ukifanya saa 40 kwa mwajiri mmoja na 20 kwa mwingine, kwa kawaida saa hizo hazijumlishwi, kila moja inalipwa bei ya kawaida. Kwa hiyo ulizia kwanza saa za ziada palepale ulipo. Ukilazimika kuwa na kazi mbili, jaza upya fomu W-4, inayomwelekeza mwajiri akate kodi kiasi gani, na uweke alama sehemu inayosema una zaidi ya kazi moja. Usipofanya hivyo, kila mwajiri atakata kodi kana kwamba mshahara wake ndio pekee ulio nao, makato yatakuwa madogo mno, na ifikapo tarehe 15 Aprili, mwisho wa kulipa kodi ya mwaka, utadaiwa fedha ambazo umeshazila.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya fedha: walimu, wahasibu na wauguzi wanaojikuta wakigeuza wazee vitandani kama wasaidizi wa wauguzi. Kazi hiyo ni ya heshima na inapatikana haraka; kiwango cha chini cha kitaifa cha mafunzo yake ni saa 75 tu, ingawa majimbo mengine yanadai zaidi. Ila muuguzi aliyesomea Muhimbili hawezi kuvaa sare ya uuguzi mpaka vyeti vyake vikaguliwe na afaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani. Anza kufuatilia ungali Tanzania, ambako chuo kiko karibu na unaweza kumsubiri msajili mlangoni. Ukiwa Dallas, ofisi ya chuo inafunguliwa wewe umelala, na barua pepe inaweza kukaa miezi bila jibu.

Kuhusu kutuma fedha, semeni mapema na familia, kabla ya uwanja wa ndege. Miezi sita ya kwanza usiahidi kitu. Baadaye taja kiasi kimoja cha kila mwezi, hata kama ni dola 50, na michango ya harusi na misiba itoke humohumo. Tuma kutoka akaunti ya benki au kadi ya benki: tangu Januari 2026 fedha zinazotumwa nje kwa noti taslimu zinatozwa kodi ya asilimia 1, na zinazotoka benki hazimo. Na anayekuuliza mshahara wako, mtajie uliobaki baada ya kodi, pango na gari.